Maswali ya Wasomaji: Mpira Unakuja Usoni, Macho Mawili Yanajuaje?

Mwezi huu sanduku limejaa macho. Chanzo ni mimi mwenyewe, toleo lililopita mtu aliuliza kwa nini tuna macho mawili na sio moja, nikamjibu kwa mstari mmoja tu, "ili tujue umbali", nikaruka kwenda kwenye swali la mafuta ya nazi. Basi barua zimemiminika, na nyingine zina akili kuliko jibu langu lilivyokuwa. Nafasi yote leo nimewaachia wao, watu wa mafuta ya nazi mtanivumilia.

SWALI: Kaka habari za kazi. Mi ni kipa wa timu ya mtaa, Morogoro. Umesema macho mawili ni ya kujua umbali, sawa, umbali wa kitu kilichosimama naelewa. Ila mpira haujasimama. Shuti likipigwa kutoka mbali nashindwa kabisa kulipima, lakini likishakaribia mwili wenyewe unajua, mikono inaenda kabla sijafikiri. Macho yanajuaje kama kitu kinakuja, na kama kitanipiga pua au kitapita sikioni?

JIBU: Kipa, hili ndo swali nililolikimbia. Ya kitu kilichosimama yameeleweka zamani, tangu 1838 pale Charles Wheatstone wa London alipochora picha mbili zinazotofautiana kidogo, akampa kila jicho ya kwake kwa kutumia vioo, na mchoro bapa ukatokeza kama kitu cha kushikika. Kitu kinachotembea kuja kwako ni kesi nyingine.

Fanya hivi sasa hivi. Nyoosha mkono, simamisha kidole mbele ya pua, nyuma yake pawe na kitu chenye mistari, nondo za dirisha zinafaa sana. Fumba jicho la kulia halafu vuta kidole taratibu kije puani, huku unaangalia dirisha na sio kidole. Utaona kidole kinakimbilia kulia, kinaruka nondo moja baada ya nyingine. Rudia ukiwa umefumba la kushoto, safari hii kinakimbilia kushoto. Kidole ni kilekile na njia ni ileile, hakijaenda kulia wala kushoto, kimekuja tu, ila kila jicho limepewa stori yake. Kati ya mboni na mboni kwa mtu mzima pana kama sentimita 6.3, wengine zaidi kidogo wengine pungufu, na hako kanafasi ndo mtaji wote.

Sasa badilisha njia, kidole kielekee sikio la kulia badala ya pua. Macho yote mawili yanakiona kinakwenda kulia, hakuna ubishi wa upande, ila jicho la kushoto linakiona kinakwenda kasi zaidi kuliko la kulia. Na kikielekea jicho la kulia lenyewe moja kwa moja, jicho hilo halikioni kikisogea pembeni hata kidogo, kinavimba tu pale pale, anayekiona kinatembea ni mwenzake wa kushoto. Kwa hiyo jibu la pua au sikio liko hapo: pande zikipingana, kitu kinakuja katikati ya macho, chukua hatua, pande zikifanana kinapita nje, na jinsi spidi zinavyotofautiana ndo inakwambia kinapita nje kwa kiasi gani. Hamna mtu anayekaa kupiga hesabu hizi golini bila shaka. Ubongo unazipiga wenyewe na kukuletea jibu tu, kama mke anayejua mshahara umeingia kabla hujasema.

Unazipigaje, hapo ndo wataalamu wamevutana miaka na miaka. Chukulia umeweka vijana wawili kwenye kona mbili za mtaa wamchunge jamaa anayekudai. Unaweza kuwapigia simu wote wawili kila sekunde, "saa hii yuko wapi?", unalinganisha majibu, unapiga tena, ukiona majibu yao yanazidi kuachana unajua jamaa anakuja. Au humuulizi mtu yuko wapi, unamwambia kila kijana akupe spidi na upande anaouona yeye, halafu unalinganisha hizo spidi mbili. Njia ya kwanza inaanza na mahali ndo inatafuta mabadiliko, ya pili inaanza na mwendo wa kila jicho ndo inatafuta tofauti. Tatizo ni kwamba kwa mpira wa kweli njia zote mbili zinafika kwenye jibu moja, kwa hiyo ukimtazama mtu anadaka mpira huwezi kujua ametumia ipi.

Walioweza kuzitenganisha walitumia chenga. Béla Julesz, mzaliwa wa Budapest aliyekuwa anafanya kazi kwenye maabara za Bell kule Marekani, mwaka 1960 alitoa picha mbili za vidoti vilivyomwagwa ovyo, kila moja peke yake ni takataka, ila kila jicho likipewa ya kwake umbo linatokeza hewani. Waliofuata wakafanya vidoti viwe vinabadilishwa vyote kila mara, kama ile televisheni ya mgongo antena ikigeuka na upepo. Jicho moja halioni chochote kikisogea, ni chenga tupu, ila fungua yote mawili unaona kibao kinakuja na kurudi. Njia ya kwanza basi ipo. Halafu wakageuza, vidoti vya jicho la kulia na vya kushoto visifanane hata kimoja, hakuna mahali pa kulinganisha, ila vya huku vinaelea kulia na vya kule vinaelea kushoto, na bado watu wakajua kinakuja au kinaondoka. Njia ya pili nayo ipo. Mwaka 2009 watafiti wa Chuo Kikuu cha Texas waliwalaza watu kwenye mashine ya kupiga picha ubongo wakakuta kwamba lile eneo la ubongo linaloshughulikia mwendo, lipo upande wa nyuma wa kichwa kulia na kushoto, linaitikia taarifa za njia zote mbili. Mi naona ugomvi ulitaka kumalizika mapema kuliko ulivyomalizika, mwili ukishapata njia mbili za kukwepa kofi utatupa moja ya nini?

Nije kwenye malalamiko yako ya mashuti ya mbali. Penati ni mita 11. Mpira wa kilomita 90 kwa saa unafika kwa sekunde 0.44 hivi, basi. Ile tofauti ya macho mawili haikui kwa kasi moja njia nzima, umbali ukipungua nusu kasi yake inakuwa mara 4. Kutoka mita 11 hadi mita 2 inakuwa imepanda mara 30. Maana yake pale kwenye nukta ya penati macho yako mawili yanapata mnong'ono, mita 2 mbele ya uso yanapata kelele, na ndo maana mikono inaenda yenyewe. Shuti la mita 30 usililaumu jicho, pale unasoma mguu wa mpigaji na ule ukubwa wa mpira unavyovimba, na hilo la kuvimba linatupeleka kwa msomaji anayefuata.

SWALI: Mi dereva wa bodaboda, Kahama. Nina chongo tangu niko mdogo, jicho la kushoto. Juzi abiria alivyonitazama vizuri akashuka, eti mtu wa jicho moja hawezi kujua gari linakuja kwa spidi gani. Miaka 9 niko barabarani sijamgusa mtu. Ni kweli maneno yake?

JIBU: Pole ndugu yangu, na hela ya safari hiyo imekupita bure, maana kwa habari ya gari abiria wako kachemka.

Jicho moja lina kipimo chake cha kitu kinachokuja, ni kule kuvimba. Gari likikaribia picha yake ndani ya jicho inatanuka, na jinsi inavyotanuka ukilinganisha na ukubwa iliyonao tayari inakupa moja kwa moja mda uliobaki, bila kujua umbali wala spidi. Ikitanuka kwa asilimia 10 ndani ya nusu sekunde, umebakiwa na kama sekunde 5 kama spidi haibadiliki.

Na sasa sikiliza hii, mi mwenyewe nilivyoipata nilikaa nikarudia hesabu kwenye karatasi ya sigara. Kasi ya kuvimba inategemea upana wa kitu. Kasi ya ile tofauti ya macho mawili inategemea upana kati ya macho. Vingine vyote ni sawa, umbali uleule, spidi ileile. Kwa hiyo shindano lote ni kitu kina upana gani ukikiweka kando ya zile sentimita 6.3. Lori lina mita 2 na nusu, kuvimba kwake kunashinda tofauti ya macho mawili mara 40. Mpira wa miguu ni sentimita 22, unashinda mara 3 na nusu, kipa wetu wa Morogoro asikie. Mpira wa tenisi ni karibu suluhu. Ukishuka chini ya hapo kibao kinageuka: kitu cha sentimita moja, tofauti ya macho mawili inakishinda kuvimba kwake mara 6. Kokoto lililorushwa na tairi, mdudu anayekuja usoni, ncha ya mwiba, kidole cha mtoto kinachotaka kukuchoma jicho, huko ndo mwenye mawili anakuzidi. Lori hamzidiani chochote cha maana.

Naongea nilichokiona. Miaka kadhaa nyuma cheche za grenda ziliniingia jichoni, nikafungwa bandeji wiki mbili. Barabara nilivuka kila siku bila shida. Chai ndo ilinishinda. Siku ya kwanza nimeshika birika nikamimina kwa kujiamini kabisa, pembeni ya kikombe, juu ya sahani, hadi mama mkwe akaondoa kitambaa cha meza kimyakimya bila kusema neno, nadhani alijua wiki ndo inaanza. Siku ya nne hivi nikajigundua naegesha mdomo wa birika kwenye ukingo wa kikombe kwanza ndo namimina, na kichwa nakitikisa kidogo kulia kushoto kama kuku. Sikufundishwa na mtu. Wewe uliyekaa na moja tangu utoto una ujanja huo mwingi kuliko unavyojijua.

Wapo waliofika mbali zaidi ya Kahama. Gordon Banks, yule golikipa wa Uingereza aliyebeba Kombe la Dunia 1966 na kuutoa mpira wa kichwa wa Pelé kule Meksiko 1970, alipoteza uwezo wa jicho la kulia kwa ajali ya gari mwaka 1972. Mwaka 1977 akaenda kudakia timu ya Fort Lauderdale Marekani akachaguliwa kipa bora wa ligi. Na Mansoor Ali Khan Pataudi wa India, mcheza kriketi, jicho la kulia liliharibika kwa ajali 1961, mwaka uliofuata akawa nahodha wa taifa akiwa na miaka 21, na ule mpira wa kriketi ni mdogo, unazidi nafasi ya macho kidogo sana, kwa hiyo huyu kwangu ndo wa kushangaza kuliko Banks.

Ila sikupambi tu. Ulichopoteza kwa kweli ni kile kipande cha pembeni kabisa upande wa kushoto, mtu anayechomoka kichochoroni upande huo unamwona kwa kuchelewa. Saiti mira ya kushoto iwe nzima siku zote, na shingo ifanye kazi. Na miwani vaa, sio ya urembo, lile kokoto nililosema likikuta hilo lililobaki hatutakuwa na barua nyingine.

SWALI: Naandika kwa niaba ya bibi yangu, Tanga. Ana mtoto wa jicho upande wa kulia, la kushoto zima. Anakaa barazani anaangalia barabara, sasa anadai magari yanayotoka kushoto kama yanaacha barabara kumfuata yeye, na yanayotoka kulia yako mbali kule ng'ambo. Nyumbani wameanza kusema ni utu uzima, mwingine anataja mengine. Bibi mwenyewe hana tatizo la akili, hesabu za vicoba anashika yeye.

JIBU: Kwanza mfikishie shikamoo yangu, pili mwambie yuko sahihi kabisa, tena kaeleza vizuri kuliko baadhi ya vitabu.

Tafuta nati ya baiskeli ifunge kwenye uzi, ining'inize kwenye fremu ya mlango, isogeze iyumbe kulia kushoto tu, kaa mita 2 hivi. Chukua miwani ya jua, weka kioo kimoja mbele ya jicho la kulia, la kushoto liache wazi, na yote mawili yaangalie. Nati itaacha kuyumba, itaanza kuzunguka, ikienda kulia inapita karibu yako, ikirudi kushoto inapita nyuma. Hamishia kioo jicho la kushoto, mzunguko unageuka. Waite wale wanaotaja mengine nao waje wachungulie.

Jicho likipata mwanga hafifu taarifa yake inachelewa kufika, ni kuchelewa kwa sehemu chache tu za elfu ya sekunde. Kitu kikiwa kimesimama hakuna hasara, picha ya zamani na ya sasa ni ileile. Kikiwa kinakatiza, jicho la kushoto linasema kimefika hapa, la kulia lenye ukungu linasema bado kiko pale nyuma kidogo, na ubongo unapoona macho mawili yanataja sehemu mbili haujui habari ya kuchelewa, unajua lugha moja tu: tofauti ni umbali. Basi unatafsiri mda kuwa umbali. Gari linakwenda kulia, jicho la kulia linaliona kushoto zaidi ya pale lilipo, na hiyo ndo alama ya kitu kilicho karibu. Likienda kushoto inakuwa kinyume, linasukumwa mbali.

Na sio kidogo. Tuseme jicho la bibi linachelewa kwa 2 kwa elfu ya sekunde tu. Gari la spidi 50 linakwenda karibu sentimita 3 ndani ya mda huo. Kwa hesabu ya macho mawili peke yake gari lililo mita 10 likitokea kushoto litaonekana liko mita 7, likitokea kulia litaonekana liko mita 18. Vitu vingine kama ukubwa wa gari na lami yenyewe vinamsaidia asidanganyike kiasi hicho chote, ila mvuto upo. Na fikiria, sisi tunaendesha kushoto, ukisimama ukingoni upande wa kwanza kuukanyaga ndo unaoleta magari kutoka kulia. Yaani yale yanayoweza kumgonga mwanzo ndo yanayojifanya yako mbali. Asivuke peke yake kwa sasa, tafadhali, na akiwa na wasiwasi afumbe hilo la kulia, uchawi unaisha hapohapo kwa sababu jicho moja halina wa kutofautiana naye.

Aliyeandika habari hii mwaka 1922 ni Carl Pulfrich, mwanafizikia wa Kijerumani wa kampuni ya Zeiss mjini Jena, alikuwa bingwa wa vyombo vya kupimia kwa macho mawili. Jambo lenyewe limebeba jina lake mpaka leo, na yeye hakuwahi kuliona hata siku moja, jicho lake la kushoto lilishakuwa halioni miaka mingi. Maelezo ya kwamba ni kuchelewa alisema wazi ni ya mwenzake kazini, Ferdinand Fertsch. Napenda mtu wa namna hiyo, hukuiona lakini umeipima, na sifa ya mwenzio umeirudisha kwa mwenyewe.

Dawa ya bibi ni upasuaji wa mtoto wa jicho, wa kawaida siku hizi, muwahisheni. Na neno moja kwa wengine wanaosoma: kama dalili hii imemjia kijana ghafla, jicho linauma likigeuka na rangi zimepauka, huyo sio mtoto wa jicho, inaweza kuwa mshipa wa fahamu unaotoka jichoni kwenda kwenye ubongo umevimba, aende hospitali wiki hiihii.

SWALI: Usiku pikipiki unaiona iko mbali kule, unaingia barabarani, mara iko hapa. Mbona gari halinifanyii hivyo? Dereva wa Noah, Dodoma.

JIBU: Kwa sababu taa mbili zinaachana na taa moja haina wa kuachana naye. Gari likija unaziona taa zake zinatanuka, zimepishana mita moja na kitu, hiyo ni zaidi ya mara 20 ya nafasi ya macho yako. Pikipiki ina kadoa kamoja tu ka mwanga. Macho mawili nayo kwa mita 80 hayana la kusema, nimeshamwambia kipa.

Kuna kitu kingine watu hawakijui. Mwaka 1985 Waholanzi wawili, Erkelens na Collewijn, waliwaonyesha watu picha kubwa iliyojaa mbele ya macho, wakaisogeza nzimanzima ya jicho la kulia huku na ya kushoto kule, macho ya watu yakafuata, yanakaza na kulegea kama ya mtu anayefuata kitu kinachokuja, ila ukiwauliza wanasema kimesimama. Ubongo unataka cha kulinganishia, nguzo, mti, ukuta, kitu kinakuja kuliko nini? Ulipoona kidole kinaruka nondo za dirisha, nondo zilikuwa na kazi. Usiku kwenye barabara isiyo na taa umenyang'anywa nondo. Ukiona taa moja subiri ipite, na kumbuka hiyo moja inaweza kuwa lori lililoungua taa ya upande wako.

SWALI: Mwanangu ana miaka 4, jicho moja linaingia ndani. Mpira mdogo ukirushwa anapiga makofi ushapita. Mama mkwe anasema makengeza ni urembo, akikua yatatoka. Mama wawili, Mombasa.

JIBU: Mama, hapa na mama mkwe itabidi tumkosee adabu kidogo. Macho yakiangalia sehemu mbili tofauti ubongo wa mtoto hauwezi kuzilinganisha, unachofanya ni kulinyamazisha moja, na likinyamazishwa mda mrefu linazoea. David Hubel na Torsten Wiesel, walioshinda Nobeli 1981, walionyesha kwa paka kwamba macho yakipishwa mapema zile seli za ubongo zinazosikiliza macho yote mawili zinapungua sana, kila moja inabaki na upande wake, na dirisha la kurekebisha ni la utotoni. Kupiga makofi mpira ushapita ndo hiyo, mpira mdogo ndo ule ambao kuvimba kwake hakutoshi. Mpeleke kliniki ya macho mwezi huu, anaweza kupewa miwani, au plasta ya kufunika lile jicho lililo zima ili lile lingine lifanye kazi, atalia, atabandua, utabandika tena. Na ukiona kwenye picha ya flashi mboni moja inang'aa nyeupe, hapo hatuongelei mwezi, mpeleke kesho asubuhi.

SWALI: Mwalimu wetu kasema wadudu hawaoni kama sisi macho mawili pamoja. Kweli? Darasa la sita, Zanzibar.

JIBU: Kwa wengi mwalimu hakosei, ila kuna mmoja, kivunjajungu. Chuo Kikuu cha Newcastle, Uingereza, walimtengenezea miwani midogo, kioo kimoja buluu kingine kijani, wakaibandika usoni kwa nta ya nyuki, wakamwekea sinema ya kidudu kwenye skrini. Skrini iko mbali hafikii, ila kwa ile miwani kidudu kikaonekana kiko pale karibu na mikono yake, akakirukia. Mwaka 2018 wakaongeza: jicho hili wakalipa vidoti hivi, jicho lile vingine kabisa, sisi binadamu hapo tunachanganyikiwa hatujui kitu kiko wapi, yeye kakirukia vilevile. Yeye hahangaiki picha zifanane, anauliza tu wapi pamebadilika, huku na kule, basi, umbali kaupata. Mawindo yaliyotulia kabisa hana habari nayo.

Mkimkuta mtini mtazameni jinsi kichwa kinavyowafuata. Kumshika sitawakataza, ila chungu cha nyumbani kikivunjika siku hiyo, msiseme mimi ndo niliwatuma.